Ulitokea mlango gani? Shajara ya mradi wa kumbukumbu za vurugu za mpira, Kigoma

Januari

Tumeanza. Kazi tuliyojipa ni kuwarekodi wazee wa Kigoma mjini na Ujiji waliokuwa wakienda mpirani miaka ya 1970, 1980 na 1990, watusimulie zile siku mechi ilipovunjika: mawe yakarushwa, refa akakimbizwa, watu wakaruka ukuta. Matokeo ya mechi hayatuhusu sana. Tunataka kujua shabiki mwenyewe alisimama wapi, aliona nini na alifikaje nyumbani.

Kwa nini sasa, anayeishi hapa hahitaji kuelezwa. Tangu timu yetu ya Mashujaa ipande Ligi Kuu mwaka 2023, Uwanja wa Lake Tanganyika umekuwa tena mahali pa kwenda na watoto. Kabla ya hapo tulipata fainali ya Kombe la Shirikisho, Julai 25, 2021, Simba na Yanga, bao moja la Taddeo Lwanga likamaliza kazi. Siku ile mji ulifurika. Vijana wanaweza kukusimulia fainali hiyo dakika kwa dakika, lakini vurugu za zamani wanazijua kama vichekesho vya kijiweni: mzee fulani alivyofika kwake na kiatu kimoja, refa alivyojificha chini ya turubai la lori. Wanacheka, na kicheko siwanyimi. Ila waliokuwepo wanatutoka mmoja mmoja, na baadhi yao bado wanaishi na maumivu ya siku hizo mwilini.

Masharti tuliyokubaliana ni machache. Jina la msimulizi haliandikwi. Jina la anayetajwa kuwa alirusha jiwe haliandikwi hata kama ameshafariki, maana watoto wake tunakutana nao sokoni. Uwanja nao tunauacha bila jina pale simulizi inapoulaumu. Sauti yenyewe inabaki kwa familia ya msimulizi kwenye kadi ya simu, na akitaka ifutwe, inafutwa siku hiyo hiyo. Binti wa shangazi yangu ndiye anayenakili maneno kutoka kwenye sauti kwenda kwenye daftari.

Februari, mwanzoni

Kigingi cha kwanza ni tarehe. Mzee anakumbuka rangi ya jezi, anakumbuka nani alikosa penalti na mpira uligonga mwamba upi, lakini mwaka hana. Kwa hiyo tunauliza kwa vipimo vyao wenyewe. Ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada? Ilikuwa enzi za foleni za sukari na sabuni? Msako wa wahujumu uchumi wa 1983 ulikuwa umeshapita? Mwalimu alikuwa bado Ikulu, au alikuwa ameshamwachia Mzee Mwinyi, 1985? Wakimbizi wa Burundi wa 1993 walikuwa wameshaingia? Na wale wa Zaire, 1996? Ukimpitisha hapo, mzee anajipanga mwenyewe. Mmoja alikuwa na hakika kwamba mechi yake ilikuwa ya miaka ya 1980, kisha akakumbuka kwamba alikwenda uwanjani na kaka yake aliyekuwa ndiyo kwanza karudi kutoka vitani Uganda. Tukaihamishia 1979, na mkewe aliyekuwa akichambua mchele pembeni akaitikia kwamba ndiyo, ndiye kaka yule.

Kipimo kingine kizuri ni mechi kubwa za watani wa jadi. Agosti 10, 1974, Yanga ilipoifunga Simba 2-1 pale Nyamagana, Mwanza. Julai 19, 1977, Simba ilipoichapa Yanga 6-0. Wazee wote tuliowauliza wanajua walikuwa kwenye redio ya nani siku hizo. Kutoka hapo unahesabu kwenda mbele au kurudi nyuma.

Februari, mwishoni

Kila simulizi inaanza na refa. Kakataa bao halali, katoa penalti dakika za lala salama, mshika kibendera kanyoosha yeye hakutazama. Refa akishamalizwa, zinafuata ndumba: taulo lililotundikwa nyuma ya goli, timu iliyokataa kupita mlango mkuu ikaruka ukuta, kipa aliyeonekana akifukia kitu karibu na mwamba wa goli. Shabiki mmoja anaingia kulitoa taulo, mwenzake anamfuata, wa upande wa pili wanaingia kulilinda, na ndani ya dakika chache uwanja umejaa watu kama gulio.

Siandiki habari za ndumba kwa kuzidharau. Kwa aliyekuwa akiamini, na walikuwa wengi, taulo lile lilikuwa wizi unaofanyika mbele ya macho yake huku refa na askari wakiangalia. Amelipa kiingilio kwa hela ya mihogo ya wiki nzima, halafu anaibiwa mchana kweupe. Usipoielewa hasira hiyo huwezi kuelewa kwa nini mtu mzima, baba wa watoto, msali, aliokota jiwe.

Wapo pia wageni. Timu ikitoka Tabora ilikuja kwa treni ya Reli ya Kati, ikashuka stesheni imechoka, na mashabiki wake wachache wakakaa mahali pamoja uwanjani. Ikishinda, njia ya kurudi stesheni inakuwa ndefu. Wazee wa hapa wanalisimulia hilo bila kujificha, kwa sababu na wao walifanyiwa vivyo hivyo walipokwenda kwa wenzao. Nimependa ukweli wao. Hakuna aliyejifanya malaika.

Machi, Katubuka

Leo tumepata kitu.

Mzee ni fundi seremala, bado ana karakana uani kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akasogeza bao la kukalia. Nikamuuliza kama tunavyouliza wote: vurugu ile aliianzisha nani? Akapunga mkono. Aliyeianzisha, akasema, kila mtu atakwambia ni wa upande wa pili, hutapata kitu hapo. Akaomba karatasi. Daftari letu likawa dogo kwake, akainuka akachana ubavu wa boksi, akachukua kaa jikoni, akaanza kuchora.

Kwanza ukuta, pande zote nne. Kisha magoli. Kisha akaacha nafasi ndogo kwenye ukuta mmoja, upana wa kidole chake, akasema hili ndilo lango. Lilikuwa la bati lililopigiliwa kwenye fremu ya mbao, jembamba kwa makusudi, ili watu wapite mmoja mmoja na mkata tiketi asizidiwe. Kama seremala, anakumbuka lilivyotengenezwa: bawaba zilikuwa upande wa kushoto na lango lilifungukia ndani. Akachora upinde mdogo kuonyesha lilivyozunguka. Halafu akaanza kuweka nukta za mkaa, watu, zikitoka upande wa goli la mbali kuelekea langoni, nyingi zaidi na zaidi, mpaka akaacha kuweka nukta akawa anasugua kwa kidole gumba. Pale langoni pakawa doa moja jeusi lililoufunika hata ule upinde. Watu wakisukuma, akasema, wanalifunga wenyewe. Wa mbele anavuta, wa nyuma hajui, anasukuma.

Kifundo chake cha mkono wa kulia kimepinda. Miaka yote majirani wamejua kwamba alipigwa rungu mpirani. Hakupigwa na mtu. Mkono ulibanwa kati ya fremu na mwili wa mtu mwingine, na hakuweza kuutoa mpaka ulipovunjika. Amekuwa akiacha watu waamini habari ya rungu kwa sababu, kwa maneno yake, kuvunjwa na mlango hakuna heshima.

Ugomvi wenyewe, ule wa ngumi, anauhesabu ulikuwa wa watu wachache katikati ya uwanja. Walioumia sana hawakuwa karibu nao.

Kuanzia leo swali la kwanza ni hili: ulitokea mlango gani?

Machi, bado

Swali jipya linafungua midomo. Tumewarudia wote waliokuwa wamesharekodiwa. Mzee aliyetupa maelezo mafupi sana mwezi uliopita, refa tu na matusi yake, leo ameongea mpaka adhana ya magharibi. Alikuwa na mdogo wake wa miaka saba. Alimpandisha mabegani, kisha akamkabidhi kwa mtu asiyemjua aliyekuwa amekaa juu ya ukuta, naye akamshusha nje. Akampata mtoto usiku, nyumbani kwa watu Mwanga, hapa hapa mjini, analishwa ugali. Hadi leo hajui yule mtu wa ukutani alikuwa nani, wala alishangilia timu gani.

Machi, Ujiji

Bibi huyu hajawahi kuona mechi hata moja. Alikuwa muuza karanga na miwa nje ya lango, tangu akiwa mama wa watoto wadogo, na kwa miaka hiyo yote mpira aliujua kwa masikio. Anasema kelele za bao zinapanda halafu zinashuka, watu wanacheka, wanakaa. Kelele za vurugu zinapanda na hazishuki. Akizisikia hizo, alikuwa akifunga khanga kiunoni, anainua ungo wake na kuuhamishia chini ya mwembe, kisha anarudi langoni.

Nilimuuliza kwa nini arudi. Akanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. Watoto wa watu wako ndani, mjukuu wangu, nikakae kivulini?

Alichokiona nje hakuna mwanaume aliyetusimulia. Vidole vikitokea chini ya bati, vingi, kama vinachimba. Lango likitikisika bila kufunguka, kwa sababu wa ndani wanasukuma na wa nje hawawezi kusukuma dhidi yao. Yeye, muuza miwa mwenzake na vijana wawili wabeba mizigo waliacha lango, wakashika bati la ukuta wa pembeni, wakalibandua misumari kwa panga la miwa. Watu wakatokea hapo kwa magoti. Anao mkato wa bati kiganjani, mstari mweupe kutoka kidole cha shahada mpaka karibu na kifundo.

Baadaye palibaki kandambili. Nyingi, za rangi zote, nyingine zimekatika vigwe. Wale akina mama wakazikusanya kwenye gunia, kesho yake wakazipanga chini ya mwembe mbili mbili pale zilipopatana, na zile zisizo na mwenzake zikawekwa upande. Wanaume wakaja kuzitafuta, mmoja mmoja, hawasemi kitu. Wengine walituma watoto.

Tulipoilinganisha simulizi yake na ya fundi seremala, miaka haikupatana: ya Bibi ni baada ya Mwinyi kuingia, ya fundi ni kabla ya vita vya Kagera. Mechi mbili tofauti, lango lile lile. Kati ya mkono wa yule na kiganja cha huyu imepita si chini ya miaka saba, na hakuna aliyezigeuza bawaba. Jambo hilo limeninyima usingizi. Kazi ya kugeuza bawaba ni ya nusu siku kwa fundi mmoja.

Aprili

Mwezi wa kusoma. Nilitaka kujua kama haya ni ya kwetu tu.

Lima, Peru, Mei 24, 1964. Peru na Argentina wanatafuta nafasi ya Olimpiki. Refa anakataa bao la Peru la kusawazisha, dakika zimebaki chache, shabiki anaingia uwanjani, polisi wanapiga mabomu ya machozi. Watu wanakimbilia ngazi za kutokea, na chini ya ngazi milango ya chuma imefungwa. Walikufa 328. Ukimsomea mzee wa Katubuka mistari hiyo bila kutaja nchi, atafikiri unamsomea habari zake, ila hesabu ya vifo.

Orkney, Afrika Kusini, Januari 13, 1991, Kaizer Chiefs na Orlando Pirates. Ugomvi ukazuka jukwaani. Wakafa 42, na wengi wao walikuwa wakiukimbia ugomvi huo, wakabanwa kwenye uzio. Miaka kumi baadaye, Aprili 11, 2001, timu zile zile, Ellis Park, Johannesburg, wakafa 43, safari hii uwanja ulikuwa umejaa na waliokuwa nje wakazidi kusukuma kuingia. Mwezi huo huo, tarehe 29, Lubumbashi, Kongo, mechi ya TP Mazembe na Lupopo, mabomu ya machozi yakapigwa na watu wakafa katika kukanyagana. Mei 9, Accra, Hearts of Oak na Asante Kotoko: mashabiki wanarusha viti, polisi wanapiga mabomu, milango imefungwa, wanakufa 126. Yote hayo, kuanzia Johannesburg mpaka Accra, ni ndani ya mwezi mmoja. Habari ya Lubumbashi kwa watu wa hapa haiko mbali. Ng'ambo ya ziwa ni Kalemie, na Ujiji kuna familia zenye ndugu Katanga.

Wazee wawili walinitajia Heysel, Mei 29, 1985, wakikumbuka ilivyotangazwa redioni. Mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus pale Brussels, wa Juventus wakarudi nyuma mpaka ukutani, ukuta ukaanguka, wakafa 39. Klabu za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano, na baadhi ya wale mashabiki wakahukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Hapo walioanzisha wana hatia na siwatetei, kama ninavyokataa kumtetea aliyerusha jiwe hapa kwetu. Lakini uwanja ulikuwa umechakaa, na ukuta ule ulikuwa na sehemu yake katika vifo vile.

Iliyonikaa zaidi ni Hillsborough, Sheffield, Aprili 15, 1989. Hapakuwa na ugomvi. Polisi walifungua lango kubwa la nje, watu wakamiminika kwenye vizimba ambavyo tayari vilikuwa vimejaa, nyuma ya uzio wa chuma. Waliokufa ni 97. Kwa miaka mingi waliambiwa ni walevi na wahuni waliojiua wenyewe. Ndugu zao walikusanya ushuhuda wa waliokuwepo, wakaung'ang'ania mpaka mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilipotamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27. Mtu akiniuliza kumbukumbu za mashabiki zina faida gani, namjibu kwa habari hiyo.

Mei

Afande mmoja mstaafu amekubali kuongea, kwa sharti kwamba tusitaje kituo chake. Nilimwogopa kidogo kabla ya kukutana naye. Ni mtu mpole, ana bustani ya michikichi, anaongea polepole.

Anasema kazi yao ilikuwa kutawanya watu, na bomu la machozi lilikuwa njia ya kutawanya bila kuua. Kutoka alipokuwa amesimama aliona migongo isiyosogea, akafikiri ni ukaidi. Akaongeza bomu la pili. Nikamuuliza alifikiri watu wale wangepita wapi. Langoni, akasema, amri ya kulifungua ilikuwa imeshatolewa, yeye mwenyewe aliisikia. Baada ya mechi ndipo alipojua kwamba mwenye ufunguo wa kufuli la nje alikuwa ameondoka tangu mapumziko, amekwenda na makusanyo ya mlangoni ili hela isikae uwanjani.

Akaomba asikilizishwe sauti ya Bibi, naye Bibi alikuwa ameturuhusu. Aliisikiliza, akaomba irudiwe pale kwenye vidole chini ya bati. Kisha akasema yuko tayari kwenda Ujiji kumwamkia, kama Bibi atampokea. Nimefikisha ujumbe. Bibi amesema aje na sukari.

Nimeona kwamba kanuni za usalama viwanjani za FIFA zinakataza gesi ya kutawanya watu kubebwa au kutumika uwanjani. Hata hivyo Oktoba 1, 2022, Kanjuruhan, Indonesia, ilipigwa, watu wakakimbilia milango, na wakafa 135. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie kwamba hizi ni habari za zamani.

Juni

Tumefanya kikao cha kusikiliza, uani kwa fundi seremala, vijana wa timu za mtaani upande mmoja, wasimulizi upande mwingine. Boksi lenye mchoro wa mkaa limewekwa kwenye fremu, fundi kaitengeneza mwenyewe. Vijana walianza kwa kucheka, kama nilivyotarajia, na fundi akacheka nao. Ilipofika sauti ya Bibi hakuna aliyeitazama simu yake.

Kijana mmoja, mratibu wa ligi ya mchangani, ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yangu yote: sasa kwetu ufunguo anao nani? Wakatazamana. Uwanja wanaochezea umezungushiwa uzio kwa ajili ya kiingilio cha nusu fainali na fainali, lango ni moja, linafungukia ndani, na ufunguo huwa kwa mweka hazina.

Tulikwenda papo hapo kuliona, fundi akiwa na utepe wake wa kupimia. Makubaliano yameandikwa kwenye daftari la kamati yao. Bawaba zinageuzwa kabla ya nusu fainali, fundi anafanya bure, mbao na misumari wanachanga wao. Upande wa pili wa uzio linatobolewa lango la pili. Hela ya mlangoni itaendelea kuondoka mapumziko, hilo hawakutaka kulibadilisha na nawaelewa, lakini ufunguo hauondoki nayo: atakaa nao mama muuza maji pale langoni, kwa posho, mpaka mtu wa mwisho atoke. Pendekezo hilo lilitoka kwa Bibi.

Kazi inayofuata ni Kibirizi, kwa wavuvi waliokuwa wakivuka na timu kwa boti. Nyuma yao wapo wafanyakazi wa zamani wa reli, na kama nauli itapatikana tutakwenda Tabora kuwatafuta waliokuwa wakishuka stesheni yetu kama wageni, tusikie walitokea mlango gani.